Oswald Avery na Siri ya Bakteria

Oswald Avery alizaliwa mjini Halifax, nchini Kanada, mwaka 1877. Mwaka 1887 alihamia New York, Marekani, pamoja na wazazi wake. Alisomea udaktari, akahitimu mwaka 1904. Siku hizo ugonjwa wa kichomi, uitwao pia nimonia, uliua watu wengi, nao madaktari hawakuwa na dawa nzuri ya kuutibu. Mwaka 1913 Avery alianza kazi katika hospitali ya Taasisi ya Rockefeller, akiwachunguza bakteria waletao ugonjwa huo.

Bakteria ni viumbe wadogo sana wasioonekana kwa macho matupu. Baadhi ya bakteria wa kichomi wana utando wa sukari unaowakinga. Hao huleta ugonjwa. Wengine hawana utando, nao hawadhuru. Mwaka 1928 mtaalamu wa Uingereza, Frederick Griffith, aliwaua kwa joto bakteria wenye utando. Kisha aliwachanganya na bakteria hai wasio na utando, akawadunga panya mchanganyiko huo. Panya walikufa, na katika damu yao walionekana bakteria hai wenye utando! Bakteria wasiodhuru walikuwa wamepokea kitu fulani kutoka kwa wale wafu, wakabadilika. Hata vizazi vyao vilirithi utando. Je, kitu hicho kilikuwa nini?

Wataalamu wengi walidhani kuwa urithi wa viumbe hubebwa na protini. Avery hakutaka kudhani, bali kujua. Yeye na wenzake, Colin MacLeod na Maclyn McCarty, walitoa umajimaji kutoka katika bakteria wenye utando waliouawa. Waliondoa protini iliyomo. Umajimaji uliosalia ukaendelea kuwabadilisha bakteria. Waliharibu sukari ya utando. Bakteria wakabadilika vilevile. Ndipo walipotia kimeng'enya kinachovunja DNA. Safari hii bakteria hawakubadilika. Basi kitu kilichotafutwa kilikuwa DNA.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1944, Avery akiwa na umri wa miaka 66. Baadhi ya wataalamu hawakuyasadiki, na Avery hakupata kutunukiwa tuzo ya Nobel. Alifariki mjini Nashville mwaka 1955. Hata hivyo, majaribio ya wengine yalithibitisha kwamba alisema kweli.

Mwaka 1970 ilichapishwa habari kwamba chumvi ya kalsiamu huwawezesha bakteria wa aina nyingine kupokea DNA ya virusi. Leo bakteria waliopewa DNA hutengeneza insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari. Manufaa hayo yana mizizi katika kazi ya mtu mmoja mvumilivu, aliyepima kila jambo kabla ya kulisadiki.

Maswali
1. Panya wa Griffith walikufa kwa sababu gani?
2. Kwa nini Avery na wenzake waliondoa kitu kimoja kimoja badala ya kuondoa vyote kwa pamoja?