Mtakatifu Karoli Lwanga, Mlezi wa Vijana



Katika kurasa nyingine mtawasoma wale waliojenga kanisa na shule. Hapa tunapenda kumkumbuka mtu ambaye hakufika Maniema kamwe, wala hakuona maji ya Lualaba. Lakini aliyembatiza alikuwa Padri Mweupe, mmoja wa wana wa Kardinali Lavigerie, na shirika lilo hilo ndilo lililoleta Injili Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo Karoli Lwanga ni kama kaka yetu mkubwa katika imani.

Sanamu na picha zake humwonyesha ameshika tawi la mtende, moto ukiwaka miguuni. Ni haki kabisa. Lakini moto ule ni habari ya siku moja. Sisi tulio na watoto wa kulea tuna sababu ya kuiangalia zaidi miezi sita iliyoutangulia.

Lwanga alizaliwa karibu mwaka 1860, mtu wa ukoo wa Ngabi, yaani pongo, akakulia Buddu, upande wa magharibi wa ziwa Nyanza. Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alifika Buganda mwezi wa Februari 1879. Mwezi wa Novemba 1882 mapadri walilazimika kuondoka, wasirudi mpaka Julai 1885. Tufikiri vema jambo hili. Kwa muda wa karibu miaka mitatu hapakuwa na padri hata mmoja, na imani haikuzimika, kwa sababu vijana waliobatizwa waliwafundisha vijana wenzao.

Mwaka 1884 mfalme Mutesa alikufa, na mwanawe Mwanga akatawala, naye alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi. Mwaka huo Lwanga aliingia katika utumishi wa ikulu, akawekwa kiongozi wa vijana wa baraza kubwa. Vijana hawa, walioitwa bagalagala kwa Kiganda, walikuwa mamia. Wengine walitolewa na wakubwa wa majimbo, wengine walikuwa mateka wa vita. Kila mmoja alitafuta kupendwa na mfalme, na aliyemchongea mwenzake aliweza kupata faida. Tena walikuwa wa dini mbalimbali: wakatoliki, waprotestanti, waislamu, na wenye kufuata desturi za mababu. Hata waislamu walikuwa na wafia dini wao, kwa maana karibu mwaka 1876 Mutesa aliamuru vijana wengi waislamu wauawe kwa ajili ya dini yao. Sisi wa Nyangwe, ambao mtoto wa mkristu na mtoto wa mwislamu hucheza katika uwanja mmoja, tunaelewa upesi mahali kama pale palivyo.

Wala watoto wa huku hawakuwa na hali bora nyakati zile. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, Livingstone aliona hapa Nyangwe watu wakipigwa bunduki, na mamia wakafa sokoni na mtoni. Watoto wengi wa nchi yetu walichukuliwa utumwani. Huku na kule, mtoto alilelewa na mikono ya wageni, na hakujua kama mkono unaomshika ni wa kumlinda au wa kumwuza.

Basi Lwanga alifanya nini? Kwanza, aliishi pamoja nao. Alikuwa hodari wa mieleka, na sifa hiyo ilimvutia vijana hata wasiosali. Tusidharau jambo hilo. Mtoto humsikiliza mkubwa anayecheza naye kabla ya kumsikiliza mkubwa anayemhubiria. Aliwasimamia pia katika kazi ya kuchimba ziwa la mfalme, ambalo mpaka leo linaonekana Mengo. Na katika kazi ya jembe na udongo hakuna anayeweza kuficha tabia yake: mvivu hujulikana, mwenye hasira hujulikana, na anayempokea mwenzake mzigo hujulikana pia.

Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa wakristu wa ikulu, aliuawa kwa sababu alimkanya mfalme kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa waanglikana. Usiku ule ule Lwanga alikwenda misioni akabatizwa. Tangu hapo mzigo wote wa vijana ukawa juu yake. Mfalme alikuwa na tamaa mbaya juu ya vijana wake, na Lwanga alijitahidi kuwaficha au kuwatuma mbali wale waliokuwa katika hatari. Alijua kwamba kazi hiyo ingemgharimu maisha. Wema wake kwa watoto ulikuwa na maana hiyo kwanza: kusimama kati ya mdogo na mwenye nguvu.

Mdogo kuliko wote alikuwa Kizito, mwenye miaka kumi na minne hivi. Mtoto huyu aliwasumbua mapadri kwa kuomba ubatizo, nao wakamwambia angoje. Lwanga alimwahidi kwamba saa ya hatari ikifika atamshika mkono. Usiku wa tarehe 25 Mei 1886, hasira ya mfalme ilipokuwa imewaka, Lwanga mwenyewe alibatiza baadhi ya wakatekumeni, na Kizito kati yao. Kesho yake mfalme aliamuru wanaosali wasimame upande mmoja. Lwanga alitangulia, amemshika Kizito mkono, na wengine wakawafuata.

Lakini habari ambayo tungependa katekista yeyote awasimulie watoto ni ile ya Mukasa Kiriwawanvu na Gyavira. Hawa wawili waligombana, Mukasa akampiga mwenzake, na kwa sababu hiyo akatiwa kifungoni. Wakristu waliohukumiwa walipokuwa wakipelekwa, Mukasa alitolewa kifungoni akaunganishwa nao. Njiani akakutana na Gyavira. Wakasalimiana kwa furaha kama ndugu, ugomvi ukaisha hapo hapo. Mukasa alikuwa bado hajabatizwa kwa maji. Hivi kundi la Lwanga halikuwa kundi la malaika. Lilikuwa na ngumi na chuki kama kundi lolote la vijana. Walichokuwa wamejifunza ni namna ya kurudiana.

Tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana, waliteketezwa kwa moto Namugongo, wakatoliki na waanglikana pamoja. Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Vijana watatu, Denis Kamyuka, Charles Werabe na Simeon Sebuta, waliachiliwa, na kwa ushuhuda wa waliobaki hai tunajua mengi ya habari hizi.

Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza wenye heri mwaka 1920. Mwaka 1934 Papa Pio wa 11 alimweka Lwanga kuwa msimamizi wa vijana wakatoliki wa Afrika. Huku kwetu Padri Georges Defour, Padri Mweupe, alianzisha Xaveri huko Bukavu mwaka 1952, na ndani yake kijana mkubwa kidogo huwaongoza wadogo katika michezo, kazi na sala. Watoto wa Kongo wana pia kundi lenye jina la Kizito na la Mwenye Heri Anuarite. Wazazi wengine hulalamika kwamba huko watoto huimba na kucheza tu. Tungewaomba wakumbuke mieleka ya ikulu. Watoto wetu wamezaliwa na watu walioona vita vya 1996 na vya 1998, na wengi wamejua bunduki kabla ya kujua kitabu. Kiongozi anayewapatanisha wawili waliopigana uwanjani, akawarudisha wote wawili katika mchezo, anafanya kazi ya Lwanga.

Tarehe 18 Oktoba 1964, katika mwaka ule vita vya Simba vilipoingia Maniema, Papa Paulo wa 6 aliwatangaza wafia dini 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Mukasa Kiriwawanvu na Gyavira wamo katika orodha hiyo, pamoja.