Paul Garber, Mtoto wa Tiara Aliyetunza Ndege



Mkitoka safari mkashukia Minneapolis–St. Paul, jengo la abiria namba 1 lilipewa jina la Charles Lindbergh, aliyekulia Little Falls, hapa hapa jimboni kwetu. Mwezi Mei 1927 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka New York hadi Paris, bila kutua. Agosti akaileta ndege yake hapa mjini, watu wakajaa kuitazama. Lakini leo nawasimulia mtu aliyehangaika ndege ile isije ikapotea.

Jina lake Paul Garber. Alizaliwa mwaka 1899 huko Atlantic City. Alipenda tiara tangu mdogo. Alipokuwa na miaka kama 10, alipanda tramu akaenda Fort Myer, karibu na Washington, akamwona Orville Wright akirusha ndege. Akiwa kijana wa miaka kama 15, aliona kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian mfano mdogo wa ndege isiyo na injini. Akaupima kwa macho, akarudi nyumbani, akaunda kubwa ya kumbeba yeye mwenyewe. Ikaruka!

Mwaka 1920 aliajiriwa na jumba lile lile, kazi yake kutengeneza vitu vya maonyesho, ikiwemo mifano ya ndege. Wakati huo ndege ikichakaa ilivunjwa, mbao zikawa kuni na vyuma vikauzwa. Garber hakukubali. Alikuwa mtu wa kuomba bila aibu. Lindbergh alipofika Paris, barua ya simu ya kuomba ndege yake ilipelekwa huko huko. Mwaka 1928 ndege ikatundikwa Smithsonian, na hadi leo ni mali ya jumba hilo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika Marekani, Garber alisaidia kuanzisha mpango wa mifano ya ndege katika Jeshi la Wanamaji. Mwaka 1942 wanafunzi wa nchi nzima waliombwa kuchonga mifano 500,000 ya mbao. Kila mfano ulikuwa mdogo mara 72 kuliko ndege halisi, ukapakwa rangi nyeusi. Askari waliitazama ili wajue umbo la ndege ya rafiki na la adui. Wakikosea, wangemuua mwenzao. Sisi wauguzi pia tunajifunzia kwenye mwili wa plastiki kabla ya kumgusa mgonjwa. Kwa hiyo msidharau kitu kidogo kilichochongwa kwa uangalifu.

Mwaka 1976 jumba jipya la ndege na anga lilifunguliwa Washington. Sehemu kubwa ya ndege zake ni Garber aliyezitafuta. Alifariki mwaka 1992, akiwa na miaka 93.

Wazazi, nyumbani tulichonga magari ya waya na kurusha tiara za karatasi, lakini nani alivitunza? Akiba haiozi. Wafundisheni watoto kutengeneza kimoja, wakilete Jumamosi ijayo. Tutavipanga mezani, kila mtoto aeleze chake kwa Kiswahili.

Msamiati
Tiara: karatasi inayorushwa angani kwa uzi, pia kishada.
Makumbusho: mahali pa kuhifadhi vitu vya zamani.
Kuchonga: kukata mti mpaka upate umbo.
Kuchakaa: kuwa kikuukuu kwa kutumika sana.