Torsam Khan: Kifo cha uwanjani kilichoibua bingwa wa dunia

JINA la Torsam Khan halimo katika orodha ya mabingwa wa dunia wa skwoshi. Hata hivyo, ni vigumu kueleza jinsi Pakistan ilivyoutawala mchezo huo katika miaka ya 1980 bila kuyarejelea maisha yake mafupi na kifo chake cha ghafla.

Alizaliwa mwaka wa 1951, kifungua mimba katika familia iliyoishi kwa skwoshi. Ukoo wao ulitoka kijiji cha Nawakille, karibu na Peshawar, ambako wazee waliujua mchezo huo kwa kuwaokotea mipira maafisa wa jeshi la Uingereza. Babake, Roshan Khan, alitwaa ubingwa wa British Open mwaka wa 1957 kwa kumshinda jamaa yake, Hashim Khan, aliyekuwa ameushinda mara sita mfululizo.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Torsam alifuata nyayo za babake na kucheza skwoshi ya kulipwa nchi za mbali. Kufikia mwaka wa 1979 alikuwa nambari 13 duniani, na mwaka huo huo wenzake walimchagua kuongoza chama cha kimataifa cha wachezaji.

Hata hivyo, tumaini lake kubwa lilikuwa kwa nduguye mdogo, Jahangir. Mtoto huyo alikuwa dhaifu, amepasuliwa ngiri mara mbili, na madaktari walikuwa wameonya asijitie katika michezo ya nguvu. Torsam aliamini kwamba siku moja angekuwa bingwa wa dunia.

Wateuzi wa timu ya taifa hawakuona hivyo. Mwaka wa 1979, Pakistan ilipojiandaa kwa mashindano ya dunia nchini Australia, Jahangir aliachwa nje ya kikosi kwa kuwa alikuwa ametoka kuugua. Akajitosa katika mashindano ya wachezaji binafsi wa ridhaa, na akiwa na umri wa miaka 15 akanyakua taji la dunia.

Furaha hiyo haikudumu. Mnamo Novemba mwaka huo, Torsam alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa katikati ya mechi mjini Adelaide, akaaga dunia. Hakuwa amefikisha umri wa miaka 30.

Jahangir alitaka kuacha skwoshi kabisa. Binamu yao, Rehmat Khan, ndiye aliyemshika mkono. Aliacha uchezaji wake mwenyewe akamfunza kijana huyo jijini London, ili ndoto ya marehemu isizikwe pamoja naye.

Mwaka wa 1981, Jahangir alikuwa katika kikosi cha Pakistan kilichotwaa ubingwa wa dunia wa timu nchini Sweden. Mnamo Novemba mwaka huo, miaka miwili baada ya msiba, alimshinda Geoff Hunt wa Australia katika fainali ya World Open jijini Toronto. Alikuwa na umri wa miaka 17. Hakushindwa tena na yeyote katika mashindano hayo hadi Novemba 1986, Ross Norman wa New Zealand alipomwangusha mjini Toulouse.

Pakistan ilitwaa tena ubingwa wa timu mwaka wa 1983, 1985, 1987 na 1993, naye akiwemo kikosini kila mara. Kijana ambaye wateuzi walimhofia kuwa mgonjwa alikuwa amegeuka nguzo ya taifa lake, kama kakake alivyotumaini.