Sista Hummel: Sanamu zake zilivuka mpaka, yeye akabaki

Leo nawaletea maisha ya mtawa wa Ujerumani aliyechora watoto, na picha zake zikageuzwa sanamu ndogo za kauri ambazo watu wengi, hasa Marekani, walizikusanya kwa miaka mingi. Nimemchagua kwa ajili yenu wafanyabiashara wa mpakani na wenzangu mliorudi nyumbani, maana bidhaa yake ilipita pale ambapo mwenyewe hakuweza kupita.

Berta Hummel alizaliwa Mei 21, 1909 katika mji mdogo wa Massing, Bavaria, kwa wazazi wenye duka. Mwaka 1927 alikwenda Munich kusomea sanaa. Alipohitimu mwaka 1931, alijiunga na masista Wafransisko wa Siessen, akapewa jina la Maria Innocentia. Alifundisha kuchora, naye mwenyewe akichora watoto wa kijijini: wachunga bata bukini, wasafiri wenye mwavuli na mkoba, wenye viatu vikubwa kuliko miguu yao.

Picha hizo zilichapishwa kwenye kadi. Franz Goebel, mwenye kiwanda cha kauri karibu na Coburg, alipoziona aliomba ruhusa ya kuzifanya sanamu. Mwaka 1935 alizipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, zikapata wanunuzi. Sista hakuweka hata senti mfukoni. Sehemu ya mapato ilikwenda kwa watawa wenzake.

Wanazi walizichukia. Walidai vichwa vikubwa na nguo za ovyo vinawadhalilisha watoto wa Kijerumani. Lakini biashara ya nje waliiachia iendelee, kwa kuwa ilileta fedha za kigeni. Mwaka 1940 serikali hiyo hiyo iliwanyang'anya watawa nyumba yao na kuwafukuza wengi. Sista Innocentia alikaa kwao kwa muda, kisha akaomba kurudi Siessen. Waliobaki huko waliishi kwa chakula kidogo na baridi kali. Mwaka 1944 aliugua kifua kikuu. Alifariki Novemba 6, 1946, akiwa na miaka 37.

Vita vilipokwisha, askari wa Kimarekani waliokuwa Ujerumani walizinunua sanamu hizo na kuzipeleka kwa wake na mama zao. Anayerudi kwao hutafuta kitu chepesi cha kuonyesha alikotoka. Nasi tuliorudi tunalijua hilo. Hapo ndipo ukusanyaji uliposhika moto.

Kiwanda cha Goebel kiliacha kuzitengeneza mwaka 2008. Bei ya nyingi imeshuka, kwa kuwa warithi wanaouza ni wengi kuliko wanunuzi. Ukikutana nayo katika mitumba, tazama kitako chake: ya kweli ina sahihi yake, M.I. Hummel, na chini yake alama ya kiwanda. Sahihi hiyo imefika mbali. Mwenyewe amezikwa Siessen, katika makaburi ya masista wenzake.