JOHN LOGIE BAIRD, FUNDI WA JUA KALI ALIYELETA RUNINGA

Runinga tunaijua sote. Hapa Machakos kuna watu wanaowajua watangazaji kuliko majirani zao! Lakini waulize ni nani aliyekuwa wa kwanza kuonyesha uso wa binadamu kwenye chombo hiki, nao watakodoa macho tu. Mimi nimemchagua John Logie Baird. Wenzangu wawili darasani wamenipinga, eti ninamsifu mtu aliyeshindwa. Basi nawaomba wasome kwanza.

Baird alizaliwa Agosti 1888 katika mji wa Helensburgh, Uskoti. Baba yake alikuwa kasisi na yeye alikuwa kitinda mimba. Tangu utotoni alikuwa mtundu wa nyaya. Aliunganisha simu kutoka kwao hadi nyumba za rafiki zake, na nyumbani akaweka taa za umeme yeye mwenyewe. Ila afya yake ilikuwa mbovu ajabu, kila baridi ikija inamwangusha kitandani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 alitaka kuwa mwanajeshi, akakataliwa.

Kazi alizojaribu zinachekesha. Alipoajiriwa na kampuni ya umeme alijaribu kutengeneza almasi kwa kupitisha umeme mwingi kwenye makaa, akazima taa za watu. Akauza soksi za kuzuia baridi, nazo zikampa pesa nzuri. Akasafiri hadi Trinidad kutengeneza jamu, lakini wadudu wakaifurahia kuliko wateja. Akarudi akauza sabuni. Mwaka 1923, akiwa mgonjwa na karibu hana kitu, alihamia Hastings, mji wa pwani ya Uingereza, na hapo ndipo akaanza kazi ya runinga kwa dhati.

Alivyofanya kazi, jamani, ni jua kali mtupu! Alitumia sanduku la majani ya chai, boksi la kofia, mkebe wa biskuti, sindano za kufumia, lenzi za taa za baiskeli, gundi, lakiri na uzi. Wazo lenyewe hakulibuni yeye. Mjerumani Paul Nipkow alikuwa ameliandikisha mwaka 1884, lakini hakuna aliyeweza kulitimiza vizuri. Wazo ni hili. Chukua sahani bapa, itoboe matundu yaliyojipanga kama mviringo wa konokono, kisha izungushe kwa kasi mbele ya kitu. Kila tundu linapita juu ya mstari mmoja wa picha, kama jicho linavyosoma ukurasa mstari kwa mstari. Nyuma ya sahani kuna seli inayohisi mwanga. Penye mwangaza umeme unapanda, penye giza unashuka. Upande wa kupokea kuna taa inayofuata umeme huo na sahani nyingine inayozunguka sawasawa na ya kwanza. Zikiachana kidogo tu, picha inaharibika, kama kwaya ambayo nusu yake imetangulia ubeti.

Mwaka 1924 umeme wa nguvu nyingi ulimrusha chini. Aliponea kwa kuungua mkono, lakini mwenye nyumba alichoka naye na kumtaka ahame. Akaenda London, akapanga vyumba vya juu katika mtaa wa Frith. Taa zake zilikuwa kali mno hata hakuna mtu aliyetaka kukaa mbele yake, kwa hivyo alitumia kichwa cha mwanasesere aliyeitwa Stooky Bill. Tarehe 2 Oktoba 1925 sura ya mwanasesere huyo ilitokea, si kivuli tena bali sura! Baird akateremka mbio hadi ofisi ya chini, akamshika kijana wa kutumwa, William Taynton, akamkalisha mbele ya taa. Kijana alikimbia joto, skrini ikabaki tupu. Baird akampa shilingi mbili na nusu ili arudi akae. Hivyo mtu wa kwanza kuonekana kwenye runinga alilipwa ili aonekane.

Tarehe 26 Januari 1926 aliwaonyesha wanasayansi mtambo wake hapo hapo mtaa wa Frith. Mwaka 1927 alituma picha kutoka London hadi Glasgow kwa waya wa simu, na mwaka 1928 zikavuka bahari hadi Marekani. Mwaka huo huo akaonyesha hata picha za rangi. Kuanzia mwaka 1929 BBC ikamruhusu kutumia mitambo yake kurusha picha zenye mistari 30. Ni michache sana, lakini uso wa mtu ulitambulika.

Sasa nifike kwenye kushindwa kwake. Novemba 1936 BBC ilianza matangazo rasmi kwa kushindanisha mifumo miwili, wiki moja huyu, wiki nyingine yule. Baird alikuja na mistari 240. Kamera yake mojawapo ilipiga filamu, ikaisafisha kwa dawa chini ya dakika moja, ndipo ikarusha. Haikuweza hata kusogezwa! Wapinzani wake, Marconi-EMI, walikuwa na mistari 405 na kamera ya umeme mtupu, isiyo na kitu cha kuzunguka. Kana kwamba hayo hayatoshi, tarehe 30 Novemba moto uliteketeza jumba la Crystal Palace, palipokuwa na maabara zake. Februari 1937 BBC ikaachana na mfumo wake.

Hapo ndipo wenzangu wanaposema alishindwa. Mimi nasema walitazame na hili. Mistari 405 ya washindi nayo ilizimwa Uingereza mwaka 1985. Kwetu Kenya runinga ilianza mwaka 1962, na mwaka 2015 mitambo ya analogi ikazimwa, nyumba zisizo na king'amuzi zikabaki na sanduku jeusi. Dijitali hugeuza picha kuwa tarakimu, hivyo masafa yaliyobeba stesheni moja sasa hubeba nyingi. Kama kuachwa nyuma ni kushindwa, basi wote wameshindwa. Kabla ya Baird watu waliuliza kama jambo hili linawezekana. Baada yake waliuliza tu nani atalifanya vizuri zaidi.

Yeye mwenyewe hakununa. Wakati wa Vita vya Pili, kwa pesa zake mwenyewe, aliendelea na runinga ya rangi, na mwaka 1944 akaonyesha mtambo wa umeme mtupu, ule mtindo uliomshinda. BBC, iliyofunga runinga wakati wa vita, iliifungua tena tarehe 7 Juni 1946. Baird alikufa tarehe 14, wiki moja baadaye, akiwa na miaka 57. Mtambo wake wa kwanza umehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi huko London. Stooky Bill naye yupo Bradford, uso umepasuka kwa joto la zile taa.