Kijana aliyeisoma chumvi

Ndugu zangu wa Pwani, naandika haya nikiwa Burnt Forest, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, mji wa viazi na baridi. Nimemtembelea dada yangu na zawadi ya kwetu, chumvi ya mawe ya Gongoni. Jikoni, mpwa wangu wa kidato cha pili aliona mafuta ya mgando yakiyeyuka kikaangoni huku chembe za chumvi zikibaki vile vile. Akataka mjomba amweleze sababu.

Nilimkumbuka William Lawrence Bragg. Alizaliwa mwaka 1890 mjini Adelaide, Australia. Alipovunjika kiwiko utotoni, babake, profesa wa fizikia, alimpiga picha ya eksirei, mionzi iliyokuwa ndiyo kwanza imegunduliwa. Mwaka 1912, akiwa Cambridge na umri wa miaka 22, kijana huyo aling'amua jinsi mionzi hiyo inavyorudishwa na tabaka za atomi ndani ya fuwele. Mwaka uliofuata akaisoma chumvi: sodiamu na klorini zimepangwa kwa zamu kama miraba ya drafti, kila moja imezungukwa na sita za aina ya pili. Wako wanakemia waliomcheka, maana walitaka kila sodiamu iwe na klorini yake peke yake.

Jibu la mpwa wangu liko hapo. Joto huzifanya atomi zitikisike na kuachana kidogo, lakini mpango wenyewe hauvunjiki mpaka nyuzi 801 za selsiasi. Kikaango hakifiki huko. Baadaye, kwenye idara ya Bragg kule Manchester, Reginald James, aliyewahi kukwama kwenye barafu ya kusini pamoja na Shackleton, alipima mtikisiko huo hata katika baridi kali mno. Jamaa wengine wa chumvi si wavumilivu hivyo. Sesiamu kloraidi hubadili mpango wake karibu na nyuzi 470, ikafanana na chumvi yetu, na bado haijayeyuka.

Lakini sifa ilimpita kijana. Alikuwa akifanya kazi na babake, mwenye jina kubwa. Mwaka 1913, kwenye mkutano wa Solvay mjini Brussels, mzee ndiye aliyekwenda kueleza matokeo, na wengi wakaamini fikra ni yake. Baba hakumficha mwanawe. Watu ndio walioshika jina walilolizoea. Jambo hilo lilimuuma Bragg kwa miaka mingi.

Mwaka 1915 baba na mwana walipewa Tuzo ya Nobel pamoja. Mwana alikuwa na miaka 25, yuko vitani Ufaransa akitafuta mizinga ya adui kwa kupima sauti yake, na mdogo wake Robert alikuwa amefariki miezi michache kabla huko Gallipoli. Mpaka leo hakuna aliyeipata tuzo ya fizikia akiwa na umri mdogo kuliko wake. Alifariki mwaka 1971, baada ya kutumia miaka ya uzeeni kuwaonyesha watoto wa shule majaribio ya sayansi mjini London.

Je, kwetu ni vijana wangapi wanaoandika ripoti na kupiga hesabu za vyama vyetu, kisha tukampigia makofi mzee aliyeisoma mbele ya watu? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nami nianze: swali la leo si langu, ni la mpwa wangu.