Donald Douglas, fundi aliyetuundia Dakota

Mwaka 1962, nikiwa mtoto wa miaka saba, ndipo nilipoiona ndege kwa karibu mara ya kwanza. Ilikuwa katika uwanja wa Port Reitz, hapa petu Mombasa, na tulikwenda kumsindikiza mke wa ami yangu. Ilikuwa imekuja simu kutoka Unguja kwamba mama yake hawezi sana, na kama anataka kumkuta basi asingoje meli. Ami hakuwa na uwezo huo, akakopa nauli huku na huku mpaka ikatimia.

Marehemu baba alikuwa fundi wa kuunda majahazi. Alikuwa mtu asiyekiamini chombo ambacho hakuuona mkuku wake. Alisimama kwenye ua wa seng'enge akaitazama ndege ile kwa muda mrefu, jinsi mabati yake yalivyopangwa moja juu ya jingine, na misumari iliyogongelewa kwa safu kama aliyeipanga alitumia uzi. Mwisho akamuuliza mchukuzi mmoja fundi wake ni nani. Yule mchukuzi akamjibu kwamba ni Wazungu. Jawabu hilo halikumtosha baba, maana kwao jahazi haliundwi na kabila, huundwa na mtu mwenye jina lake, na likizama hujulikana ni la nani.

Mke wa ami aliwahi. Alifika Unguja alasiri ile ile, mama yake akamtambua, wakaombana radhi, na usiku wa pili yake mama akafariki. Tangu siku hiyo ndege aina ile, ambayo sisi tukiiita Dakota na wenyewe wakiiita DC-3, ilikuwa na heshima yake nyumbani kwetu. Swali la baba lakini lilibaki bila jawabu, nami nimekaa nalo miaka mingi. Leo, msomaji, nataka kukueleza habari za fundi huyo.

Jina lake ni Donald Wills Douglas, Mmarekani mwenye asili ya Uskoti. Alizaliwa Brooklyn, mjini New York, tarehe 6 Aprili 1892, na baba yake alikuwa mtu wa kazi ya benki. Akiwa bado kijana wa shule alikwenda Fort Myer, karibu na Washington, akamwona Orville Wright akirusha eropleni mbele ya maafisa wa jeshi. Kuanzia hapo akili yake haikutulia tena. Mwaka 1909 aliingia chuo cha maafisa wa majini huko Annapolis, na kila mtu alidhani atakuwa nahodha wa manowari. Mwaka 1912 akaacha. Akahamia chuo cha MIT, masomo ya miaka minne akayamaliza kwa miwili, akatoka 1914 ni injinia.

Mwaka uliofuata, naye ana miaka 23 tu, Glenn Martin alimfanya injinia mkuu wa kiwanda chake cha ndege. Alifanya kazi ya mshahara kwa miaka kadhaa, na mshahara wenyewe ulikuwa mnono, dola 10,000 kwa mwaka. Fedha hizo siku zile hazikuwa mchezo. Lakini mwaka 1920 akaziacha, akahamia California na mkewe na watoto wawili, akiba yake yote ikiwa dola 600. Afisi yake ya kwanza ilikuwa chumba cha nyuma katika duka la kinyozi, kwenye barabara ya Pico mjini Los Angeles. Wanaosema kwamba Douglas alikuwa mwoga maisha yake yote wasiusahau mwaka huu.

Tajiri mmoja kijana, David Davis, alitoa dola 40,000 iundwe ndege ya kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani bila kutua. Ndege hiyo, Cloudster, iliweza kubeba mzigo uliozidi uzito wake yenyewe. Mwezi Juni 1921 iliruka, injini ikaharibika ilipofika El Paso huko Texas, ikatua. Davis akakata tamaa akajitoa. Douglas akabaki na ufundi wake na deni la matumaini. Jeshi la majini likamwagiza ndege za kurushia topido, naye hakuwa na fedha za kuanzia kazi. Alihitaji dola 15,000 na benki ilitaka wadhamini. Harry Chandler, mwenye gazeti la Los Angeles Times, akakubali kudhamini fungu moja kati ya kumi iwapo watapatikana wengine tisa. Douglas akazunguka milangoni kwa watu mpaka akawapata wote tisa. Kiwanda chenyewe kilikuwa nyumba iliyoachwa na watu wa sinema huko Santa Monica.

Mwaka 1924 jina lake likavuma. Ndege nne alizoliundia jeshi ziliondoka Seattle tarehe 6 Aprili, siku yake ya kuzaliwa, kwenda kuizunguka dunia. Moja iligonga mlima Alaska, moja ikazama baharini Atlantiki, na mbili zikarejea Seattle tarehe 28 Septemba, baada ya siku 175. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanadamu kuizunguka dunia kwa ndege.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha baadaye. Tarehe 31 Machi 1931 ndege moja ya abiria ilianguka huko Kansas ikaua wote waliokuwamo, akiwamo Knute Rockne, mwalimu wa kandanda ya Kimarekani ambaye nchi nzima ilimpenda. Bawa la ndege hiyo lilikuwa la mbao. Ilipochunguzwa ikaonekana kwamba unyevunyevu uliingia ndani, gundi ikaachia, bawa likavunjika. Fundi yeyote wa majahazi angelielewa jambo hili kabla hata hajamaliza kuelezwa. Mbao iliyokunywa maji husema uongo: nje nzima, ndani imekwisha.

Basi watu wakaogopa ndege za mbao. Kampuni ya Boeing ilikuwa ikiunda ndege mpya ya chuma, lakini 60 za kwanza zote zilikuwa za kampuni nyingine iliyo ndugu yake. Tarehe 2 Agosti 1932 Jack Frye wa kampuni ya TWA akaandika barua fupi kwa viwanda kadhaa, na mojawapo ikafika kwa Douglas. Alitaka ndege ya chuma yenye injini tatu, na akatia sharti zito: injini moja ikizimika wakati wa kuruka, ndege iweze kuendelea kupanda kutoka uwanja wowote ambao TWA inautumia, hata ile iliyo juu milimani ambako hewa ni nyepesi.

Douglas aliwakusanya mainjinia wake. Walifanya hesabu wakaona injini mbili zinatosha, tena ndege itakuwa nyepesi na haitakuwa na kelele puani. Je, kwa injini mbili, moja ikifa, ile iliyobaki itaweza? Arthur Raymond, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa hesabu hizo, alimweleza bosi wake kwamba ana yakini ya tisini kwa mia, na ile kumi iliyobaki ndiyo inayomnyima usingizi. Douglas alikubali, maana alikuwa mtu wa kusikiliza zaidi kuliko kusema. Watu waliofanya kazi naye walimjua hivyo: mpole, mwangalifu na senti, hapendi kukisia, hutaka kuiona hesabu kwenye karatasi.

Ndege hiyo ya kwanza, DC-1, iliruka tarehe 1 Julai 1933. Ilipoinua pua injini zikakatika. Rubani, Carl Cover, akaishusha pua, zikanguruma tena. Akaiinua, zikakatika. Akapanda hivyo hivyo kama mtu apandaye mnazi wenye utelezi, kidogo kidogo, mpaka akapata urefu wa kuzungukia na kutua salama. Wakafungua wakakuta kabureta zimefungwa kinyume. Fikiri, msomaji: kampuni nzima na maisha ya watu yananing'inia juu ya kifaa kimoja kilichogeuzwa. Baadaye ikapelekwa Winslow, Arizona, uwanja ulio juu sana. Injini moja ikazimwa makusudi katika kuruka, na ndege ikapanda kwa iliyobaki ikaenda mpaka Albuquerque. Ile kumi ya Raymond ikapatikana.

Ikafuata DC-2, ikauzika vizuri, na hapo Douglas akataka kupumua. C. R. Smith wa American Airlines akampigia simu, akazungumza naye muda mrefu mno, akitaka ndege pana zaidi ambayo abiria wataweza kulala. Douglas hakutaka. Aliona biashara aliyonayo inamtosha, ya nini kuivuruga? Ni pale Smith alipoahidi kununua ndege 20 ndipo alipokubali. Ndege iliyozaliwa na ubishi huo iliruka tarehe 17 Desemba 1935, nayo ndiyo DC-3. Ilichukua abiria 21 ambapo ndege kabla yake ilichukua 14, na gharama ya kuiendesha haikuzidi sana. Kabla yake kampuni za ndege ziliishi kwa fedha za serikali za kubebea barua. Kwa DC-3 ziliweza kupata faida kwa nauli za abiria peke yake.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja ndege hiyo ikavaa nguo za kijeshi, na hapo Waingereza ndipo walipoipa jina la Dakota. Ziliundwa zaidi ya 10,000. Vita vilipokwisha zilibaki nyingi zisizo na kazi, zikauzwa rahisi, zikasambaa ulimwenguni. East African Airways ilizipata kwa njia hizo, na ndizo zilizokuwa zikitua Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Mwezi Februari 1945 Rais Roosevelt alikutana na Mfalme Abdulaziz wa Saudia ndani ya manowari kwenye Mfereji wa Suez, na baadaye akamzawadia Dakota moja. Kutokana na ndege hiyo ndipo lilipoanzia shirika la ndege la Saudia, ambalo wengi wetu tumelipanda kwenda Hija. Na mwezi Agosti 1952, mahujaji karibu 4,000 walipokwama Beirut na siku za Hija zimewadia, ndege za jeshi la Marekani ziliwachukua mpaka Jeddah wakawahi. Hizo nazo zilikuwa kazi ya Douglas, aina ya C-54 yenye injini nne.

Yeye mwenyewe mtu wa bahari. Alipiga zumari la Kiskoti lenye mfuko, jambo ambalo nadhani majirani zake walilistahamilia tu, na alipenda mashua ya matanga kuliko ndege. Katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, mwaka ule ule wa barua ya TWA, alikuwa miongoni mwa mabaharia wa mashua ya Marekani iliyopata nishani ya fedha. Marehemu baba angelifurahi kulijua hilo kuliko yote niliyokwisha kuyasema.

Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, na wao wao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Bwana huyu aliishi kati ya methali hizi mbili. Ya kwanza ilimtajirisha. Ya pili ilikuja kudai chake katika miaka ya hamsini. Waingereza walikuwa wametangulia na Comet, ndege ya abiria isiyo na pangaboi, na mwaka 1954 Comet zikaanguka. Douglas akatazama, akafanya hesabu, akaona mashirika bado yanataka ndege za pangaboi, naye alikuwa akiyauzia DC-7 vizuri kabisa. Boeing haikungoja mteja. Ilitoa fedha zake yenyewe ikaunda ndege ya majaribio, ikairusha Julai 1954. Douglas alitangaza DC-8 mwaka uliofuata. Boeing 707 za Pan American zilianza kuchukua abiria Oktoba 1958, na DC-8 zikaanza Septemba 1959. Ni miezi kumi na moja tu, lakini hakuipata tena nafasi aliyokuwa nayo. DC-8 ilikuwa ndege nzuri. Hata hivyo ziliuzwa 556 tu.

Mimi simlaumu kama wanavyomlaumu wengine. Mtu aliyekwisha kuona kabureta iliyogeuzwa ikiwaning'iniza watu hewani ana haki ya kungoja. Kosa lake kubwa naliona mahali pengine. Mwaka 1957 alimwachia mwanawe urais wa kampuni, yeye akabaki mwenyekiti, na macho yake yakawa mbali na karakana. DC-9, iliyoruka Februari 1965, ilipendwa mno, na ajabu ni kwamba kupendwa huko ndiko kulikomwangusha. Oda zilikuja nyingi kuliko mikono. Vita vya Vietnam vilimeza injini na mafundi, ndege zikachelewa, na kila iliyochelewa ikala fedha. Mwaka 1966 hasara ilizidi dola milioni 27 na benki zikakataa kuongeza. Aprili 1967 kampuni iliyoanzia nyuma ya duka la kinyozi ikaungana na ile ya McDonnell wa St. Louis, na McDonnell ndiye aliyeshika usukani. Mzee, naye ana miaka 75, akapewa uenyekiti wa heshima, yaani kiti kisicho na kazi.

Alifariki Palm Springs, California, tarehe 1 Februari 1981, akiwa na umri wa miaka 88. East African Airways ilikuwa imekwisha kufa kabla yake, mwaka 1977. Kampuni ya McDonnell Douglas nayo ilimezwa mwaka 1997, na aliyeimeza ni Boeing. Dakota chache zingali zinaruka hadi leo hapa na pale duniani, zikibeba mizigo.

Baba alitangulia mbele ya haki mwaka 1974. Mwaka mmoja kabla ya hapo mke wa ami alimleta mwanawe nyumbani aage, anakwenda Unguja kuoa, na baba akamuuliza atakwenda kwa chombo gani. Alipoambiwa ni ndege, akataka kujua ni ile ya misumari iliyopangwa kwa uzi au ni nyingine.